Si Ubepari, Si Ukomunisti: Imani Iliyopimwa Bondeni Rufiji

Huenda Jumapili hii umeketi barazani Mbagala, Temeke au Tandika, watoto wanacheza uani na chungu cha wali kinatokota jikoni. Kama mchele huo umetoka bonde la Rufiji, basi chunguni mwako mna hoja ambayo wakubwa wa dunia waliigombania karne nzima. Hoja yenyewe ni hii: shamba ni la nani, jasho ni la nani, na yule aliyekosa ana haki gani katika chungu cha aliyepata?

Bepari anajibu kwamba shamba ni la mwenye hati, jasho ni bidhaa inayonunuliwa kama kibiriti, na aliyekosa asubiri huruma ya aliyepata. Mkomunisti anajibu kwamba shamba ni la wote, yaani la dola. Jasho lipangwe na dola. Na habari za Mungu ziwekwe kando, kwa kuwa dini kwa maoni yake ni kasumba ya kuwalevya wanyonge wasiione minyororo yao. Nchi yetu ilidai kwamba inalo jibu la tatu. Jibu hilo lilipotoka vitabuni likaenda kujaribiwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo mmoja, Rufiji palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza lilipopelekwa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama jibu la tatu lipo kweli, au lilikuwa maneno ya majukwaani tu, hana budi kwenda kuuliza bondeni.

Lakini kwanza tulitazame jibu lenyewe. Mwezi wa Aprili 1962, miezi michache baada ya kuuacha uwaziri mkuu ili akakiimarishe Chama, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake juu ya ujamaa. Alilichukua neno la nyumbani, jamaa, akalifanya nguzo. Ubepari aliukataa kwa sababu umejengwa juu ya mtu kumnyonya mtu; na ile itikadi kavu iliyotoka Ulaya aliikataa kwa sababu inauona ugomvi wa tabaka na tabaka kuwa ndio mzazi wa maendeleo. Yeye alianzia kwenye familia. Watu wanaokula chungu kimoja hawaandikiani mikataba, wala hawahitaji kupigana kwanza ndipo wagawane. Hata hivyo hakumsamehe mvivu, na ndiyo maana alikumbusha ile methali yetu ya kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Wengi wetu tunalikumbuka kwa mabenki yaliyotaifishwa na kwa masharti ya uongozi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika kueleza siasa ya ujamaa, Azimio lilitumia neno imani. Na neno hilo halikuwekwa pale kwa pambo. Benki yaweza kutiwa mikononi mwa umma kwa sheria ya siku moja, lakini hakuna sheria iwezayo kumfanya mtu amwone mwenzake kuwa ndugu. Hilo ni jambo la moyo, na moyo hautaifishwi.

Ajabu ni kwamba majuma saba tu baadaye, tarehe 26 Machi 1967, Papa Paulo wa Sita naye alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio, akifundisha kwamba haki ya kumiliki mali haiwi haki isiyo na mpaka wakati wengine wanakosa mahitaji yao. Mwalimu, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, alipowahutubia Masista wa Maryknoll huko New York mwezi wa Oktoba 1970 aliwaambia bila kumung'unya maneno kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mambo yanayowadhalilisha watu, litakuwa halina maana kwa maskini. Lakini papo hapo hakukubali ujamaa ufanywe dini. Katika utangulizi wa kitabu chake cha Uhuru na Ujamaa, mwaka 1968, aliwakosoa wale wanaoyasoma maandiko ya Marx kama watu wasomavyo msahafu, akashikilia kwamba mjamaa aweza kuwa wa dini yoyote, au asiwe na dini, mradi aamini usawa wa binadamu. Alitaka imani iwepo, ila isiwe na sheikh wala askofu wake serikalini. Si jambo jepesi, na tutaona lilivyotutatiza.

Basi na twende. Ukipanda basi Mbagala Rangi Tatu ukashika njia ya kusini, utapita Vikindu, Mkuranga, Jaribu Mpakani na Bungu, ndipo ufike Kibiti, mji ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji na tangu miaka ya 2010 una wilaya yake wenyewe. Pande hizo njia moja inakwenda Nyamisati, kwenye vyombo vya kuelekea Mafia na vijiji vya delta. Nyingine inateremka Ikwiriri hadi Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Vijana wa leo wanapita juu ya mto huo wakisinzia. Wazazi wao walisubiri pantoni pale Ndundu, na mto ulipofura walisubiri mpaka akiba ya njiani ikaisha.

Kilimo cha Warufiji na Wandengereko wa bondeni ni mazungumzo ya daima baina ya mtu na maji. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza. Kuanzia Machi hadi Mei mto hufura, ukileta tope jeusi kutoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Maji yakijaa kwa kiasi, mpunga husimama na kunona, yakizidi, huzama. Kisha yakishuka, ile ardhi iliyolowa hupandwa tena mahindi na kunde, na zamani pamba, ikaota bila mvua kwa unyevu ulioachwa na mto peke yake. Kilimo hicho wenyewe hukiita mlau. Kwa hiyo mkulima aliyeporwa mpunga na mafuriko aliweza kuokolewa na mafuriko yale yale. Kwao maji yalikuwa mwizi na mfadhili kwa pamoja, na waliishi nayo vizazi kwa vizazi bila kuyaita adui.

Shamba la bondeni halilindwi kwa hati. Nguruwe wapo, viboko wapo, nyani wapo, na ndege huja makundi kwa makundi mpunga unapoanza kuweka maziwa. Ndiyo maana watu hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakahamia humo na jamaa zao kwa miezi. Lakini dungu moja pekee halifai kitu. Ndege aliyefukuzwa hapa anatua pale, na nguruwe aliyezuiwa huku anapenya kule. Lazima madungu yasikilizane. Anayelala usingizi anamwibia jirani yake. Mwenye shamba ni mmoja na mavuno ni yake, lakini ulinzi ni wa wote. Na wakati wa kulima, asiyeweza peke yake aliwaalika wenzake, akapika, wakamlimia, na kesho akaenda kwao. Hapana mshahara uliolipwa, wala hapana amri iliyotolewa.

Msomaji mwenye shaka atasema kwamba kulindana na kulimiana ni akili ya kujipatia faida tu, na wala hakuhitaji imani. Ana haki ya kusema hivyo. Kinachoipeleka habari hii mbele zaidi ni kile kinachofuata mavuno.

Wakazi wengi wa Rufiji ni Waislamu, na kama ilivyo katika pwani yetu yote, wengi wamesomeshwa chuoni kwa madhehebu ya Shafii. Katika elimu hiyo mna kanuni ya zaka ya nafaka ambayo, ukiisikiliza kwa makini, utadhani iliandikwa na mtu aliyeketi kwenye dungu. Nafaka safi, iliyokwisha kutolewa maganda, ikifika wasaki tano, yaani pishi 300, ambazo kwa vipimo vya sasa ni zaidi ya kilo 600, humo mna haki ya maskini. Ni kiasi gani? Kama shamba limenyweshwa na mvua, chemchemi au mto pasipo taabu ya mkulima, ni fungu la kumi. Kama mkulima amelinywesha kwa jasho lake, kwa kuteka na kubeba au kwa kumtumikisha mnyama, ni nusu ya hilo, yaani sehemu moja katika ishirini. Na kama msimu umegawanyika nusu kwa nusu, wanazuoni wamesema ni robo tatu ya fungu la kumi.

Itazame vizuri kanuni hii, hata kama wewe si Mwislamu. Shamba ni lako, hakuna akunyang'anyaye. Jasho lako linaheshimiwa, tena kwa hesabu: ulivyotaabika zaidi, ndivyo unavyodaiwa kidogo. Lakini kile ulichokipata bila taabu, lile tope la Kilombero ambalo hukulibeba wewe, yale maji ambayo hukuyavuta wewe, kina wenyewe wengine pamoja nawe. Na fungu lao si fadhila ya tajiri. Ni deni lililomo ndani ya gunia lako. Bepari hana mlango wa jambo hili nyumbani kwake, maana kwake faida iliyokuja bila jasho ndiyo tamu kuliko zote. Mkomunisti naye hana mlango, maana kwake huyo mwenye shamba hatakiwi awepo. Na nani mkaguzi? Bondeni hapana askari wa zaka. Anayepima ni mwenye gunia, na pishi yake, na Mola wake.

Sisemi kwamba kila mtu alitoa. Palikuwa na wachoyo Rufiji kama walivyopo Kariakoo. Wala sisemi kwamba kabla ya Azimio bondeni palikuwa peponi. Palikuwa na njaa, na maradhi, na wafanyabiashara waliokopesha wakati wa shida na kuvuna wakati wa neema. Ninalosema ni kwamba palikuwa na kipimo, na kila mtu alijua anapokikwepa.

Wakristo nao wanaye wa kumkumbuka. Katika Matendo ya Mitume, Anania hakuhukumiwa kwa kumiliki shamba. Petro alimwambia wazi kwamba lilikuwa lake, na hata alipokwisha kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake ni kusema uongo mbele ya ndugu. Waumini wale wa kwanza wa Yerusalemu waliuza na kugawana, lakini hapana akida aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahesabu.

Mwaka 1968 mto ulifura kupita kiasi. Mashamba yalizama, nyumba zikaenda na maji, na watu wakabaki na njaa. Serikali, ambayo mwezi wa Septemba 1967 ilikuwa imetangaza siasa ya vijiji vya ujamaa, iliuona msiba huo kuwa ni nafasi pia. Watu waondoke bondeni, wakae pamoja kwenye miinuko, wapate visima, shule na zahanati, walime pamoja na kugawana. Ndiyo Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, kaka mkubwa wa zile operesheni zilizofuata baadaye Dodoma, Kigoma na kwingineko.

Nia haikuwa mbaya, na ni dhuluma kuwasimulia vijana kana kwamba ilikuwa mbaya. Mtu aliyeona mtoto akifa kwa kukosa zahanati hawezi kukicheka kijiji chenye zahanati. Wapo waliohama kwa hiari, maji yakiwa bado magotini mwao. Lakini wapo pia waliohama kwa kusukumwa, na wapo waliohama kwa kuwa walijua chakula cha msaada kiko kule kunakohamwa. Na katika mwezi wa Oktoba 1968, wakati jambo hili likichemka, Mwalimu mwenyewe alitoa andiko lake la Uhuru na Maendeleo, akionya kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Andiko lilikuwa na njia yake, na utekelezaji ukawa na njia yake.

Kilichofuata mkulima yeyote angaliweza kukitabiri. Nyumba zilipanda juu, lakini rutuba ilibaki chini. Mchanga wa mwinuko unafaa mikorosho na mihogo. Mpunga na mlau ni wa bondeni. Hivyo watu walitembea masafa marefu, au wakavuka mto, kwenda kulima kule kule walikotolewa. Ilipofika miezi ya kulinda mpunga wakarudi madunguni, kijiji kikabaki na wazee na milango iliyofungwa kwa kamba. Watoto wakafuatana na mama zao. Mwalimu wa shule aliyepewa darasa jipya aliita majina na kujibiwa na kuta. Mkulima naye alikuwa amewekwa kati ya mambo mawili: akimwacha mtoto shuleni, nani atapiga debe kufukuza ndege? Akimchukua, je, shule ile waliyoahidiwa ni ya nani?

Na shamba la kijiji? Lilikuwa na siku zake na daftari lake la mahudhurio. Watu walikwenda, majina yakaandikwa, majembe yakapanda na kushuka. Lakini shamba la pamoja lilipewa siku, na shamba la mtu likapewa moyo. Wale wale ambao bondeni walikesha wakipigiana kelele kutoka dungu hadi dungu ili mpunga wa jirani usiliwe, kwenye shamba la kijiji walitazama jua limefika wapi. Je, walikuwa wamepoteza imani katika muda wa mwaka mmoja? La hasha. Imani yao ilikuwa mahali ilipokuwa siku zote. Ila haikuulizwa.

Tena mwaka huo huo wa 1969 lilitokea jambo ambalo ni vizuri gazeti la Chama lisilifiche. Kule Ruvuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima wa Litowa na vijiji jirani walikuwa wamejikusanya wenyewe, wakalima pamoja na kuendesha shule yao, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Hapana aliyewahamisha. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Yaani katika mwaka mmoja, Rufiji watu walipelekwa katika ujamaa ambao hawakuuomba, na Ruvuma wale waliokwenda kwa miguu yao wenyewe waliambiwa muungano wao hautakiwi. Mimi sijapata mfano mwingine unaoonyesha wazi kama huu jinsi imani inavyoponyoka mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Novemba 1973 ikaja amri ya nchi nzima: kufikia mwisho wa 1976 watu wote wawe wamekaa vijijini. Hapo neno ujamaa lilianza kupungua katika neno kijiji, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji vyote serikali zake, viwe vya ujamaa au visiwe. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu aliandika tathmini yake bila kujipendelea, akakiri kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Tuliwacheka Warusi kwa mashamba yao ya pamoja ya tangu 1929, yaliyoanzishwa kwa mtutu na kuishia katika njaa iliyoua mamilioni ya watu. Sisi hatukufika huko, namshukuru Mungu. Lakini njia ya kuelekea huko tuliikanyaga hatua kadhaa, huku tukiimba wimbo wa udugu.

Na tusiseme juu ya wakulima tu, maana imani hiyo ilidaiwa kwa wakubwa pia. Mnamkumbuka Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu. Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji, na kiti hicho alikipoteza katika uchaguzi wa 1965. Masharti ya uongozi ya Azimio yalipowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye alikuwa nazo, na mwaka 1967 aliiacha Kamati Kuu. Misukosuko iliyomfika baadaye ni habari nyingine. Mimi huona katika kisa hicho unyofu fulani: sharti lilikuwa sharti, na mtu alichagua waziwazi. Mwaka 1991, kwa maamuzi tuliyozoea kuyaita Azimio la Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na tangu hapo kiongozi hakulazimika tena kuchagua baina ya kiti na kodi za nyumba.

Baada ya hapo bepari naye alikuja kuujaribu mto. Mwaka 1997 Serikali iliridhia mradi wa mwekezaji mmoja wa kufuga kamba katika delta, kwenye mabwawa ya maelfu ya hekta. Wataalamu wa mazingira wa Serikali yenyewe walikuwa wameshauri ukataliwe. Delta ile ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na hakuna delta nyingine Afrika Mashariki yenye msitu wa namna hiyo. Humo ndimo kamba na samaki wanamozaliana, na humo watu wanalima mpunga na kuvua. Hati ilisema kwamba ardhi ile ni ya kupangwa na dola. Wanavijiji walisema kwamba maji ya kujaa na kupwa hayana mwenyewe mmoja, wakagawanyika, wakabishana, na baadhi yao wakafika hadi Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa.

Hapa lazima niwe mwaminifu kwa upande wa pili. Wanavijiji hao walisimama wakiwa na mikutano ya kijiji, wenyeviti wa kijiji na mihuri ya kijiji. Vyombo hivyo havikutoka kwa mababu. Vilitoka katika sheria ile ile ya miaka ya 1970 tunayoilaumu. Ujamaa wa amri ulishindwa kuwafanya watu wawe ndugu, lakini uliwaachia baraza la kuketi. Ndugu walipotaka kusema, walikuwa na mahali pa kusemea.

Ndiyo maana yale yaliyotokea Kibiti na Rufiji mwaka 2017 yalichoma mno. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa Chama waliuawa mmoja mmoja, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Zipo familia zilizozika, na zipo familia ambazo hadi leo zinangoja mtu aliyetoka asirudi. Baraza likawa mahali pa hatari, na jirani akaacha kumwitikia jirani usiku. Siongezi neno juu ya hilo. Wanaoishi huko wanasoma gazeti hili.

Sasa nirudi kwako barazani. Wengi mnaosoma hapa mlitoka huko, ninyi au wazazi wenu. Mna vyama vya kuzikana vya watu wa Rufiji, mna upatu, mna vikoba. Mwanachama akifiwa, sanda hununuliwa kabla hajauliza bei. Ni dungu hilo, limehamia mjini. Lakini jiulize jambo moja usiku wa leo, baada ya watoto kulala: katika mapato ya nyumba yako, ni kipi kilichotokana na jasho lako, na ni kipi kilichokuja na maji? Kiwanja ulichonunua Mbagala kwa bei ya magunia machache, kikapanda thamani kwa kuwa Serikali ilileta barabara, je, hilo ni jasho? Chumba unachopangisha kwa kijana mgeni kutoka Bungu, ukadai kodi ya miezi sita mkupuo? Mimi nina chumba kama hicho. Hesabu yake nimeifanya mara mbili, na mara zote mbili sikuipenda.

Tena maji yenyewe yamebadilika. Huko juu, mahali palipoitwa Stiegler's Gorge kwa miaka mingi, ujenzi wa bwawa lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere ulianza 2019. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza kati ya tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla, uliwaka mwanzoni mwa 2024. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, mvua kubwa ziliuleta mto juu ya mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, Muhoro ikalala ndani ya maji, na mabishano yakazuka kama bwawa lilizidisha au lilipunguza. Misaada ilitoka kwa Serikali, misikitini, makanisani na kwa watu wa mjini ambao hawakutaja majina yao.

Wakulima wa bondeni wana jambo jingine wanalolitafakari. Mto ambao zamani ulifura kwa amri ya mvua, sasa malango yake yanafunguliwa na kufungwa na mhandisi. Ikiwa maji yataachiwa kwa kipimo na kufika shambani yenyewe, pasipo mkulima kuinua ndoo, basi bado ni maji ya mto, na fungu la maskini ni la kumi. Ikiwa mafuriko hayatafika tena na mkulima atalazimika kununua pampu na mafuta, basi ni jasho, na fungu linashuka hadi moja katika ishirini. Na ikiwa msimu utakuwa nusu hivi na nusu vile, ni robo tatu ya fungu la kumi, na mwenye pishi atapaswa kukumbuka siku ngapi alivuta maji na siku ngapi aliletewa.